Tantini, pupe (mwanasesere) ya kijana wangu nimeifungia ndani ya sanduku ya nyundo

Jambo Tantini, na pole na kazi.

Mi niko fundi wa chukudu, ile kinga ya mbao ya magurudumu mbili ya kusukuma na kubebea mizigo, hapa Goma. Kazi nilifunzwa na baba yangu, na sasa inafika miaka 16 naifanya peke yangu. Atelie iko mbele ya nyumba, pembeni ya barabara, ndiyo kusema byote bya ku nyumba yangu bakliya, benye kuniletea kazi, banabionaka. Niko na bibi na batoto batatu: binti wa miaka 9, tumwite Neema, kijana wa miaka 5, tumwite Bahati, na kabebe ka myezi ine. Majina nimebadilisha juu hapa batu batanitambua mbiyo.

Shida ilianza tarehe 6 desemba, sikukuu ya Saint-Nicolas. Ku masomo yao, ndiyo kusema ku shule, kila mwaka banaletaka mutu mwenye kuvaa nguo nyekundu na ndevu ya pamba, anagawiya batoto zawadi, na siye bazazi njo tunalipa. Mwaka hii alikuja na mifuko mbili, moja ya blu ya bijana, moja ya roze ya babinti. Bijana bakapata tukamiyo twa plastiki na tupikipiki, babinti bakapata pupe na tusahani na tusufuria ndani ya sashe. Ilipofika zamu ya Neema, alishika ile zawadi, akaiangalia, akaipindua, kisha akauliza na sauti kubwa mbele ya masomo muzima: "Saint-Nicolas, ku nyumba niko na sahani za kweli naosha kila siku, sasa unaniletea zingine za nini?"

Nilikuwa pale, nimesimama na bazazi bengine karibu ya bendera. Batu balicheka sana, na mi pia nilicheka, siwezi kudanganya. Lakini hakuishiya pale, akamuuliza tena alijua ginsi gani mufuko yake njo ya roze na hajamuuliza ata anapenda nini. Pale madamu wake akamuvuta mukono. Kesho yake direktrisi akaniita, akasema mutoto hana adabu, aombe musamaha lundi (Jumatatu) yenye kuja ku salamu ya bendera, mbele ya bote.

Ile ya masomo ningeimaliza. Ya nyumba njo inanikosesha usingizi.

Tulipofika ku nyumba batoto balibadilishana bila kuuliza mutu. Neema akakamata kamiyo ya Bahati, Bahati akakamata pupe ya Neema. Mi sikujua. Siku ya pili asubui nilikuwa napigilia mupira ku gurudumu ya nyuma, ile kipande ya mupira ya gari tunazungushaka juu ya mbao ili majiwe ya volkano isiikule, na pale Bahati akatoka ndani. Amefunga pupe mugongoni na kipande ya kikwembe ya mama yake, fundo iko ku kifua, kidole ku mudomo, anatembea sawa mutu mwenye kubeba mayai. Akaniambia pole pole: "Papa, usipige nyundo, mutoto analala."

Tantini, niliweka nyundo chini. Nilicheka ndani ya moyo, nikangoja.

Lakini balikuwa pale bakliya batatu, benye chukudu, balikuja kutengenezesha. Mumoja akasema: "Fundi, si ulituambiaka uko na kijana? Mi naona babinti babili." Bakacheka, bakapigana mikono. Mwili yangu yote ikapata moto. Nilimuvua mutoto ile pupe, nikaitupa ndani ya sanduku ya vyombo, chini ya randa, nikafunga na kadenasi. Iko pale mpaka leo. Bahati alilia mpaka akalala chini ku simenti. Tangu ile siku haingii tena ku atelie. Mbele ya ile alikuwaka ananiokotea misumari yenye kupinda na anainyoosha juu ya jiwe, ta ta ta, ilikuwa kazi yake mwenyewe, hakuna mwenye alimutuma. Sasa anapitaka upande wa jikoni.

Koko, ndiyo kusema mama yangu, anasema nilifanya muzuri, mutoto mwanaume akizoea pupe atageuka mwanamuke, na yeye hakunilea vile. Kaka yangu mukubwa anasema hizi ni mambo ya bazungu, banaziingiza ku televizio juu ya kuharibu batoto betu. Mama batoto hasemi kitu. Mi mwenyewe siko mutu wa kukataa kazi ya mutoto, 2002 wakati volkano ya Nyiragongo ilitema moto nilikuwa na miaka 13, nilibeba mudogo wangu mugongoni mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, lakini ile ilikuwa shida, haikuwa muchezo.

Na Neema naye ameongeza yake. Ku Noeli anataka chukudu. Haiko ile ya kuchezeachezea, anataka yenye kubeba bidoni. Alijipima ata na kamba kutoka chini mpaka ku kifua, akafunga fundo, akaniletea: "Papa, usukani ifike hapa." Bijana ba avenyu yetu beko na tuchukudu twao, banachota nayo maji na banapata ata tufranka, yeye anabeba bidoni ya litre 10 mugongoni na kamba ku uso. Chukudu nilishatengeneza sijue ngapi, bado sijaona mwanamuke juu ya moja. Ata ile sanamu ya chukudu ya ku ron-puen hapa Goma, mwenye kuisukuma iko mwanaume.

Sasa nifanye nini? Neema aende kuomba musamaha? Bahati nimurudishie? Na kama binti yangu anasukuma chukudu na kijana anabeba pupe, batu batasema nini juu ya nyumba yangu? Unijibu mbiyo, Noeli iko karibu.

Fundi, Goma

JIBU LA TANTINI

Papa Fundi, jambo sana, na asante kwa kuniamini na kitu chenye umefungia kadenasi.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona kitu kilekile: ya Neema umeisimulia huku unacheka, ya Bahati umeisimulia huku unatoka jasho. Una maswali matatu, ya kuomba msamaha, ya pupe na ya chukudu, lakini yote yanatoka fasi moja, ni kwamba watoto wako wawili wameuliza, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa kikwembe, nani aliamua hiki ni cha nani. Na wewe umekaa katikati, upande huu watoto, upande ule Koko, kaka, direktrisi na wale wakliya watatu. Si fasi nzuri ya kukaa, nakuelewa.

Turudi kwanza kwa ile asubui juu naona umepita pale haraka sana. Mtoto alitoka na pupe mgongoni, akakuomba usipige nyundo, na uliiweka chini. Mpaka pale hapakuwa na shida yoyote. Hukusikia haya, hukuona kijana wako anageuka kitu kingine, uliona mtoto anacheza na ukacheka. Haya ilikuja na yule mkliya. Basi nakuuliza, na usinijibu mimi, ujijibu mwenyewe ukiwa peke yako: ni Bahati njo alifanya kitu kibaya, ao ni wewe njo ulichekwa? Juu vile nasoma, mtu mwenye alichekwa ni baba, na mtu mwenye alilala chini akilia ni mtoto.

Na tena, ile maneno "mutoto analala", unafikiri aliitoa wapi? Nyumbani kuna bebe wa miezi minne. Mtoto wa miaka mitano hana kazi ingine zaidi ya kuiga, anaiga kila kitu, anaiga misumari yako na anaiga mgongo wa mama yake, kwake zote mbili ni kazi za watu wakubwa na anazitaka zote. Ningeshangaa kama angenyoosha misumari mchana kutwa na asione kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mdogo mwenye kila mtu anamnyamazia.

Kuna jambo moja nilisoma zamani, na nilipoona neno nyundo ndani ya barua yako nikalikumbuka. Kule Uingereza, 1978, wachunguzi wawili walichukua kina mama 32 na kuwapa mtoto wa miezi sita wacheze naye. Mtoto si wao, hawamjui. Saa ingine alivalishwa kama msichana na kuitwa jina la kisichana, saa ingine kama kijana, na michezo ilikuwa imewekwa pale mbele yao. Mtoto "msichana" walimpa pupe kwanza. Mtoto "kijana" walimpa nyundo, kanyundo ka kuchezea. Wakati ingine yule mwenye kuvaa gauni alikuwa kijana kabisa! Wale mama hawakuwa watu wabaya, mkono ulienda wenyewe tu. Na mkono wako ile asubui nao ulienda wenyewe, sikulaumu, ila ni vizuri kujua kwamba mkono ulifundishwa.

Sasa Koko. Sitajifanya sielewi anaogopa nini, hapa kwetu kila mtu anaelewa na watu hawapendi kuitaja. Anaogopa mtoto atakuwa laini, atachekwa, hataweza kuoa na kusimamisha nyumba. Pupe haina ile nguvu, Papa. Wewe mwenyewe unajua wanaume wangapi walichezea magari ya waya utoto wao wote na leo hawawezi hata kubadilisha pine? Mume wangu hakugusa pupe maisha yake yote, na mtoto wetu wa kwanza alimkamata kama mtu anayeshika bidoni yenye kutoboka, mikono mbele, anatafuta fasi ya kuiweka. Miezi mitatu. Nilikuwa nacheka na kulia pamoja. Mtu atakayekuwa mkubwa anaitwa Bahati, si pupe njo itamuambia awe nani. Lakini woga wa Koko una sehemu yenye ukweli na hatutairuka: watoto wenzake wanaweza kumcheka, na kicheko cha avenyu kinauma. Tutarudi pale.

Kuhusu kaka yako na mambo ya wazungu, hapa ruhusu nicheke kidogo. Saint-Nicolas alikuja na nani? Na Wabelgiji. Zile plastiki za roze na blu zinashuka ndani ya kontena, hazikuota ndani ya mashamba ya Masisi. Hata yale mambo ya roze ya wasichana ni mageni kwa wazungu wenyewe: 1918 gazeti moja la wenye maduka ya nguo za watoto kule Marekani liliandika kinyume, roze ya wavulana juu ni rangi yenye nguvu, blu ya wasichana juu imetulia. Kuna picha ya Franklin Roosevelt ya 1884, ana miaka miwili, amevaa gauni nyeupe na nywele ndefu, na kila mtu wakati ule aliona ni sawa tu. Yule alikuja kuongoza Marekani ndani ya vita kuu ya pili. Tena 1964 kampuni ya Hasbro, yenye kuuza michezo ya watoto kule Marekani, ilitaka kuuzia wavulana pupe, pupe kabisa, yenye kubadilishwa nguo, wakaivalisha nguo za askari wakaiita G.I. Joe na wakakataza watu wao wasitamke neno pupe. Ikauzwa sana. Kwa hiyo kaka akisema ni mambo ya wazungu ana haki nusu, ila muulize anamaanisha mfuko upi.

Wala nisikudanganye kwamba zamani zetu zilikuwa nzuri kuliko. Watoto wetu walitengeneza pupe ya gunzi la mahindi na mpira wa majani ya ndizi, hakuna rangi, lakini mwenye kuteka maji alijulikana tangu anazaliwa. Neema alisema kitu chenye hakuna televizio ilimfundisha. Ana sahani za kweli. Anaziosha. Mtoto wa miaka 9 ameona kwamba zawadi yake ni kazi yake ileile, imepunguzwa ukubwa na kupakwa rangi, na kaka zake wa darasa wamepewa safari. Mimi ile sentensi ningeiandika ukutani.

Na angalia kitu kingine, sisi wenyewe tunapita pale kila siku bila kuona. Jikoni ni kwa mama, sivyo? Lakini jioni nenda ununue michopo, nani anageuza nyama juu ya makaa? Mwanaume. Sindano ni ya mwanamke, lakini mafundi wa cherehani wenye kukaa mbele ya maduka wengi ni wanaume. Maji ni ya wasichana mpaka yapandishwe juu ya chukudu na kulipwa franka, pale inakuwa kazi ya kijana. Na yule daktari wa hospitali ya Panzi kule Bukavu, Mukwege, kazi yake yote ni wanawake na uzazi, 2018 dunia ilimpa Nobel na Bukavu yote ikacheza, sikusikia mtu anauliza kwa nini mwanaume anashughulika na mambo ya wamama. Inaonekana kazi inageuka ya kiume pale inapolipwa ao kusifiwa, na Bahati bado hajafika pale, yeye anafanya bure.

Sasa lundi. Unaweza kumpeleka Neema aombe msamaha na yaishe, masomo itatulia na madamu hatamshikia kisirani. Hatari yake ni kwamba mtoto atajifunza kuuliza ni kosa, na wasichana wote wenye kusimama pale wataona. Unaweza kukataa, basi hatari iko kwa mtoto, wewe unarudi atelie, yeye anarudi darasani. Kuna njia ya katikati, uitazame kama inakufaa: muende na mama yake kwa direktrisi mbele ya lundi, mzungumze watatu bila mtoto, mtenganishe sauti na swali. Kama alipaza sauti mbele ya mgeni, ile anaweza kuombea radhi, pengine ndani ya ofisi na si mbele ya bendera. Swali lenyewe mumuachie. Na direktrisi usimwone adui, huenda alinunua kile alichopata sokoni na pesa aliyopewa. Mkikaa kwenye komite ya wazazi mwakani mnaweza kusema mfuko uwe mmoja na watoto wachague. Haitakuwa mara ya kwanza: 2012 msichana wa miaka 13 kule New Jersey, Marekani, aliona mdogo wake wa kiume wa miaka 4 anataka jiko la kuchezea, na jiko linauzwa la rangi za kisichana tu, na kwenye matangazo hakuna hata mvulana mmoja. Akaandika ombi, watu zaidi ya 40,000 wakatia sahihi, na kampuni, Hasbro ileile ya askari wa 1964, ikamwita ikamuonyesha jiko la rangi nyeusi na fedha. Mweleze Neema hiyo. Mweleze pia hadithi ya zamani ya Nicolas mwenyewe, askofu wa Myra, kule Uturuki ya leo: wanasema zawadi yake yenye kujulikana kuliko zote ilikuwa kwa wasichana watatu maskini, na hakuwapa sahani, aliwatupia mifuko ya dhahabu.

Pupe. Umeificha, Papa Fundi, hukuitupa ziwani, na ile inaniambia kwamba hata wewe hujamaliza kuamua. Ukiirudisha na kumuambia achezee ndani tu, utamkinga na kicheko cha barabara, ila atajifunza kubeba mtoto ni kitu cha kujificha, na yeye ni mwerevu, atauliza kwa nini mama anabeba nje. Ukiirudisha wazi, mpaka pale atelie, watacheka tena, hakikisho ninalo, na safari hii itabidi uwe na jibu mdomoni mbele ya wakliya, si lazima refu. "Ananisaidia kulea" inatosha, halafu unaendelea na msumari. Na Bahati naye umfundishe jibu lake juu hutakuwa naye kila fasi. Ukiiacha ndani ya sanduku, atasahau pupe, watoto wanasahau, lakini sina hakika atasahau nani aliivua mgongoni. Kwangu mimi pupe si neno kubwa pale. Neno kubwa ni kwamba amepita upande wa jikoni. Ulipoteza msaidizi siku ileile, na labda yeye anafikiri ulimfukuza kazi. Kile kinaweza kusemwa hata kabla hujaamua juu ya pupe: kumuambia ulikasirika na watu, si na yeye.

Chukudu ya Neema wewe unaijua kuliko mimi, usukani, mteremko, ule mguu wa kusimamisha. Sitakufundisha. Naogopa tu jambo moja lenye sijaona umelitaja. Leo anabeba litre 10 juu mgongo ni wake na mgongo una mwisho. Siku atakayopata chukudu, nyumba itaona anaweza bidoni tatu, na majirani wataona anaweza ya kwao, na ile zawadi itageuka sahani zingine, safari hii za mbao na magurudumu. Muulize anataka kwenda nayo wapi. Pengine atakuambia maji, juu amechoka na kamba ya usoni, ile ni sababu nzito. Pengine atakuambia anataka kushuka mteremko na upepo masikioni kama wale vijana. Zote mbili ni sawa, lakini urefu wa ubao si uleule, wewe njo fundi. Na wakati anashuka, nani anaosha sahani? Usiniambie mama.

Ndiyo, na mama. Ndani ya barua yote umempa sentensi moja, "mama batoto hasemi kitu". Hujaandika kama ulimuuliza. Kikwembe kilikuwa chake, Papa. Mtoto hakukikata mwenyewe, na lile fundo la kifuani mtoto wa miaka mitano hawezi kulifunga peke yake vizuri vile. Mtu alimsaidia asubui ile. Zungumza naye kwanza mbele ya kuzungumza na kaka.

Mwisho ni ile ya Gisenyi, uliiweka chini kabisa, karibu uisahau. Miaka 13, lava inakata mji, mamia ya maelfu ya watu barabarani, na wewe una mtoto mgongoni. Unasema ile ilikuwa shida haikuwa mchezo. Kweli. Lakini siku ile hukuwa na wakati wa kujifunza, ulijua tayari kumfunga asidondoke, na sijui nani alikufundisha, na ulikuwa unacheza nini ukiwa na miaka mitano. Koko anajua. Yeye njo anasema hakukulea vile. Jioni moja wakati munakula, Bahati akiwa pale, muombe tu asimulie ile siku: mulipita wapi, nani alibeba nani, mtoto alilala ao alilia. Usitie neno pupe ndani. Mwache asimulie.

Halafu uniandikie. Ya chukudu nitaisikia hata kwa watu, mji huu ni mdogo. Nataka uniambie kama Bahati amerudia misumari yake.

Tantini